Kadi niliyoitoa nikiwa na miaka 11 nimeikuta kwenye boksi langu. Imerudije?

#1 MtunzaBoksi
Wakuu, salaam. Si kawaida yangu kufungua uzi, lakini hili limeninyima usingizi siku tatu.

Kadi za Pokémon, ule mchezo wa viumbe wanaopigana, nilianza nikiwa na miaka 10. Kaka yangu alinipa pakiti moja, kadi 11 ndani. Karatasi yake ya kung'aa niliilaza chini ya mto wiki nzima kwa ajili ya harufu ya wino tu. Miezi michache baadaye nikapata Charizard. Wanaoijua wanaijua: namba 4 kati ya 102, uhai 120, ile picha ya Mitsuhiro Arita, joka limepanua mdomo na moto umejaa nyuma yake.

Mwisho wa 1999 nikabadilishana na rafiki yangu. Nilitoa Charizard, nikapokea kadi 14: Blastoise, Ninetales na nyingine za kawaida. Nilijuta kabla sijafika nyumbani. Mwaka uliofuata familia yake ikahama, sijamwona tena. Nami nikafunga boksi, nikaacha.

Wiki hii nahamia nyumba nyingine. Nimefungua boksi lile, na katikati ya kadi za maji imelala Charizard. Sikununua nyingine. Hakuna aliyenipa nyingine. Imefikaje?

Na swali la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa: kwa nini mtu mzima mwenye watoto atetemeke mikono kwa kipande cha karatasi cha milimita 63 kwa 88?

#2 PigaTurufu
Picha iko wapi mkuu? Uzi wa kadi bila picha ni arusi bila bibi arusi.

#3 MsomajiKimya
Nimekaa mkao wa kusoma. Wataalamu karibuni.

#4 KonaNne
Kabla hata ya picha, tujibu haya.

Namba ya chini kulia ni 4/102 au 4/130? Kama ni 4/130, hiyo ni Base Set 2 ya mwaka 2000, toleo la marudio, na utaona alama ndogo ya toleo chini ya picha upande wa kulia. Base Set ya kwanza haina alama yoyote pale.

Fremu ya picha ina kivuli upande wake wa kulia? Kuna muhuri mweusi wa "1st Edition" kushoto, chini kidogo ya picha? Halafu chukua kamera ya simu, sogeza karibu, usome ule mstari mdogo kabisa wa hakimiliki chini ya kadi. Uuandike hapa kama ulivyo, usiruke hata nukta.

#5 Ushanga
Mimi naanza na feki. Miaka ile feki zilizagaa, watoto tulikuwa hatujui. Washa tochi ya simu nyuma ya kadi. Kadi halisi ina tabaka jeusi jembamba katikati ya karatasi, mwanga unapita kwa shida. Feki nyingi zinawaka kama kioo cha dirisha. Usiikunje wala usiichane, kuna watu wanashauri hivyo na wanaua kadi nzima.

#6 MtunzaBoksi
Asanteni. Majibu:

Ni 4/102. Alama ya toleo hakuna. Kivuli kipo. Muhuri hakuna. Tochi haipiti, na ubavuni naona kabisa mstari mweusi. Maandishi ya chini: ©1995, 96, 98 Nintendo, Creatures, GAMEFREAK. ©1999-2000 Wizards.

Na kona ya chini kushoto imekunjika. Hiyo kona naikumbuka vizuri, niliibana kwenye pete za albamu siku ya kwanza nikalia. Ndiyo maana nasema ni ile ile.

#7 KonaNne
Mkuu, kaa chini kwanza.

Base Set ya Kiingereza ilichapwa kwa mafungu. La kwanza lina muhuri na halina kivuli. Likafuata lisilo na muhuri wala kivuli, na haya mawili mstari wake unasomeka 1995, 96, 98, 99. Kisha likaja fungu kubwa lenye kivuli, ambalo mwishoni limeandikwa ©1999 Wizards peke yake. Hizo ndizo kadi ambazo wengi tulikua nazo.

Yako imeandikwa 1999-2000. Hilo ni fungu la nne, la mwisho, lililokwenda Uingereza. Kama kweli ulibadilishana mwisho wa 1999, basi kadi uliyoshika leo sidhani hata ilikuwa imechapwa siku unaitoa ile nyingine.

Si feki. Si ile. Ni Charizard nyingine.

#8 PigaTurufu
Duh.

#9 MtunzaBoksi
Nimesoma #7 mara nne. Na ile kona?

#10 Ushanga
Naondoa hoja yangu ya feki. KonaNne kaifunga.

Lakini jibu jepesi lipo: mwaka umekosea wewe, kadi haijakosea. Ulibadilishana 2000 au hata 2001, rafiki akakurudishia, ukasahau. Mtoto wa miaka 11 na mwaka ni vitu viwili tofauti.

#11 MtunzaBoksi
@Ushanga mwaka sikosei. Siku ile kila mtu alikuwa anaongelea kompyuta zitakavyozima saa ikigonga mwaka 2000. Rafiki yangu aliniambia, "Zikizima zote, kadi ndizo zitabaki." Nilimwamini, na ndicho kilichonifanya nikubali kadi 14 kwa 1. Niliona wingi ndio usalama.

#12 BintiAlbamu
MtunzaBoksi, sikusudii kukuumiza, lakini ngoja nikusimulie yangu.

Kwa miaka 20 niliapa kwamba marehemu kaka yangu alishinda Machamp yake, ile yenye muhuri wa 1st Edition, kwenye mashindano. Niliwasimulia watu. Nilimwona kwa macho yangu akipanda jukwaani. Siku nimeifungua albamu yake nikakuta ndani ya jalada karatasi ya maelekezo ya mchezo wa wanaoanza, na nyuma kaandika kwa mkono wake tarehe aliyonunua boksi lile na kwamba Machamp ilitoka humo. Jukwaa nililoliona lilikuwa la siku nyingine kabisa, la riadha.

Kumbukumbu haisemi uongo makusudi. Inashona. Inawezekana kona iliyokunjika umeiona kwenye kadi hii juzi, na kichwa chako kikaichukua kikaivisha ile ya zamani.

#13 KonaNne
Pole kwa kaka yako, BintiAlbamu.

Kwa wanaosoma: Machamp 8/102 iliwekwa kwenye boksi la wachezaji wawili wanaoanza, na karibu zote zina ule muhuri. Kila wiki kuna mtu anaiweka mtandaoni akidhani ameokota dhahabu. Muhuri peke yake haufanyi kadi kuwa adimu.

#14 BintiAlbamu
Najua. Kwangu haiuzwi hata ingekuwa moja duniani.

#15 JokaJeupe
Sisi wa Yu-Gi-Oh!, mchezo mwingine wa kadi, turuhusiwe kuchangia?

Mimi niliingia 2002, lile toleo la kwanza la Kiingereza, Legend of Blue Eyes White Dragon. Tulikuwa sita, na hakuna aliyesoma kijitabu cha sheria. Kadi ya joka lenyewe, Blue-Eyes, tuliishusha zamu ya kwanza, bila chochote, shambulio 3000, mchezo umekwisha. Kila aliyekuwa na deki yenye Blue-Eyes alishinda, asiyekuwa nayo alilia. Miaka kumi baadaye nimekaa na mtu anayejua, naishusha hivyo hivyo, ananiangalia tu. Ananiambia nguvu ya nyota nane inadai utoe kafara majini wawili waliokwishakuwa mezani. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto, na usiku ule ule nikaanza upya. Nimerudi kwa sababu niligundua sikuwahi kuucheza.

#16 PigaTurufu
Mkuu ukisema "deki" wengine tunatafuta ndoo na tambara. Hapa sema fungu.

#17 JokaJeupe
Hahaha. Fungu ni la nyanya mkuu. Deki itabaki deki.

#18 Ushanga
@JokaJeupe msijilaumu sana. Kwenye katuni yenyewe, mashindano ya mwanzo kisiwani walikuwa wanashusha majini wakubwa bila kafara, na uhai ulikuwa 2000 badala ya 8000 za kadi halisi. Mlicheza mlichokiona. Marehemu Kazuki Takahashi alianza kuichora hadithi ile mwaka 1996, wakati kampuni ya Konami ilitoa kadi zake 1999. Mchezo wa hadithini uliutangulia wa mezani, na sheria zikaja kukazwa baadaye.

#19 MzeeWaMana
Vijana, najibu swali la pili maana la kwanza mna fundi wenu.

Mimi ni wa mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering. Nimeacha mara tatu. Ya mwisho ilikuwa Machi 2005. Nilikuwa nimejenga deki ya matoleo ya Mirrodin kwa mwaka mzima, kadi nne za Arcbound Ravager, kila kadi nimeitafuta kwa mkono. Ikatoka tangazo: Ravager marufuku, Disciple of the Vault marufuku, na zile ardhi sita za chuma (ardhi ni kadi zinazotoa mana, nguvu ya kulipia kadi nyingine) nazo marufuku. Kadi nane kwa siku moja, kwa mashindano ya Standard, yale ya kadi za matoleo ya karibuni. Nilichobaki nacho kilikuwa rundo. Waliopiga marufuku walikuwa na haki, deki ile ilikuwa inafukuza watu mezani, na nilikuwa nawaona wanavyoondoka. Lakini niliumia.

Nikagawa vyote. Nikakaa miaka saba.

Sababu ya kurudi si picha wala utoto. Ni zamu ya tatu. Una kadi zako mkononi, mwenzako ameacha mana mbili za bluu wazi, zinazoweza kuizuia kadi yako, na ametulia tuli. Unajua ana kitu. Yeye anajua kwamba unajua. Mahali hapo, kati ya kumwamini na kutomwamini, sijapakuta kwingine. Kwenye bao nimepakosa, kwenye drafti nimepakosa, maana kule kila kitu kiko mezani mnakiona wote.

#20 HesabuBaridi
Naheshimu aliyosema mzee, lakini tuseme ukweli ambao hautamfurahisha mtu. Mnarudi kwa sababu ya pakiti. Ni kamari iliyovikwa picha nzuri.

Pakiti ya Magic ya zamani ina kadi 15: adimu 1, za wastani 3, za kawaida 11. Unalipia 15 ukitafuta 1. Ubongo wako unaukumbuka ule upasukaji wa karatasi kuliko mchezo wowote. Mimi binafsi nilifikia kununua pakiti nikiwa sina hata mtu wa kucheza naye. Nilikuwa nafungua, naangalia ya adimu, nazitupa kadi 14 droo moja. Nilipojikuta sisomi hata majina yake ndipo niliposimama.

Na muuzaji wangu alikuwa na mizani chini ya meza. Pakiti za Pokémon za zamani zenye kadi ya kung'aa ni nzito kidogo kuliko zisizo nayo. Alikuwa anazipima, nzito anabaki nazo, nyepesi anatuuzia sisi watoto. Nilijua nikiwa mtu mzima. Bado linanikera.

Kumbukeni pia Magic ilipotoka 1993 sheria yake ilikuwa kila mchezaji anaweka kadi moja dau, mshindi anaondoka nayo.

#21 MzeeWaMana
Dau lilikuwepo, kweli. Lakini watu walilikataa mapema sana, na kadi zote zinazotaja dau zilipigwa marufuku kwenye mashindano. Mchezo ulibaki, dau likaondoka. Kama kamari ndiyo ingekuwa roho yake, mchezo nao ungeondoka.

Richard Garfield aliyeubuni ni mwanahisabati, shahada yake ya uzamivu ilikuwa ya elimu ya kuhesabu michanganyiko. Aliwapelekea kampuni ya Wizards of the Coast mchezo wa mezani wa maroboti, wakamwambia gharama ya kuutengeneza ni kubwa, wanataka kitu chepesi kubeba na cha kuisha haraka. Akarudi na kadi. Alichotaka ni mchezo ambao hakuna mtu mmoja anayeujua wote, kila unayekaa naye anashusha kitu hujawahi kukiona. Utamu wetu wa mwanzo ulikuwa huo. Intaneti imeupunguza, leo mtoto anaanza na orodha ya deki bora.

#22 HesabuBaridi
Mzee, hapo kwenye kutojua tunakubaliana, ila mimi nakuita bahati. Deki ya kadi 60 yenye ardhi 24, mkono wa saba unakupa wastani wa ardhi 2.8. Wastani mzuri. Lakini kuna siku unapata moja na siku unapata sita, na siku hizo ndizo unazozisimulia.

Na wengi wenu hamchangi kadi sawasawa. Kuzigawa mafungu mafungu mezani hakuchangi chochote, kunapanga upya tu. Bayer na Diaconis walionyesha mwaka 1992 kwamba karata 52 zinahitaji kuchanganywa kwa kuingiliana kama mara saba ndipo ziwe zimechangika. Kadi 60 haziwezi kudai pungufu.

#23 PigaTurufu
Babu yangu alikuwa anachanga mara mbili tu na kila siku analamba dume. Sasa nimejua.

#24 JokaJeupe
@PigaTurufu babu alikuwa anazijua zote zilipolala hahaha.

#25 BintiAlbamu
Mnaongea pakiti, zamu, hesabu. Mimi sijawahi kununua pakiti hata moja, na sijui kucheza vizuri. Albamu ya kaka ina kurasa za mifuko tisa tisa, na alipanga kwa namba. Mapengo ameyaacha wazi, kila pengo na karatasi ndogo yenye jina. Nilipoanza kuyajaza nilikuwa namtafutia yeye. Yamebaki matano. HesabuBaridi, hiyo utaiweka kwenye kamari?

#26 HesabuBaridi
Hapana. Hiyo siiweki. Ni mapengo gani, kama si siri? Nina droo nzima ya kadi 14 14 ambazo sikuzisoma majina.

#27 BintiAlbamu
Nimekuandikia faragha. Asante sana.

#28 MtunzaBoksi
Nimerudi na habari, na sijui zinasaidia au zinaharibu.

Nimempigia kaka. Anasema hajawahi kuninunulia Charizard, "ningekununulia ningekuwa nimekukumbusha kila mwaka mpaka leo." Hilo ni kweli, namjua.

Nimemuuliza mama. Yeye anakumbuka mtoto aliyekuja mlangoni na bahasha, mimi nikiwa nimelala naumwa, akaiweka bahasha kwenye boksi langu la kadi ili nisiipoteze. Mtoto gani, hakumbuki. Nilikuwa na umri gani, anasema "ulikuwa mfupi bado." Akaongeza kwamba huenda lilikuwa suala la daftari tu.

#29 Ushanga
Imekwisha hiyo. Rafiki alijuta, akapata Charizard ya pili mwaka 2000, akakuletea kabla ya kuhama. Kwa tarehe za KonaNne inakaa sawa kabisa.

#30 KonaNne
Inakaa sawa kwa tarehe, kwa kona hapana. MtunzaBoksi anasema alikunja kona ya kadi yake siku ya kwanza. Kadi ya bahasha ingefikaje na kona ile ile imekunjika? Ama BintiAlbamu yuko sahihi kwamba kona imeshonwa baadaye, ama pete za albamu ya yule rafiki nazo zilibana pale pale, jambo ambalo nimeliona, albamu za pete zinauma kona za chini upande wa ndani. Ama MtunzaBoksi alifungua pakiti ya mwisho baada ya kuapa kuacha, akapata Charizard ya pili, akaikunja mwenyewe, na akili ikaziunganisha mbili zikawa moja.

Boksi lako lina pakiti tupu? Zihesabu.

#31 MtunzaBoksi
Ziko tisa. Nilikuwa nazitunza zote. Kadi zote nilizo nazo, ukitoa zile 14 nilizopokea na Charizard hii, ni 98. Ukiongeza ile niliyoitoa ni 99.

#32 HesabuBaridi
Tisa mara kumi na moja ni 99. Basi Charizard ya pili haikutoka kwenye pakiti yako. Mara moja hii hesabu imempendelea binadamu.

#33 PigaTurufu
Kama alitunza pakiti zote. Na kama hizo 14 kazihesabu vizuri, maana nyingine hakuzitaja hata majina.

#34 KonaNne
PigaTurufu kashika penyewe. Naacha wazi.

#35 MsomajiKimya
Nilikuja kusoma tu, lakini nauliza: huyo rafiki hatafutiki? Watu wanapatikana siku hizi.

#36 MtunzaBoksi
Jina la kwanza ninalo, la ukoo sina. Nimeanza kuuliza watu wa zamani. Nataka nimuulize kuhusu bahasha, na nataka ajue Blastoise yake ipo salama.

Sasa swali la sheria, mnijibu haraka maana nimekaa mezani. Binti yangu ana miaka tisa, jana alinikuta na boksi, akataka tucheze. Charmander na Charmeleon, hatua mbili za kukua kabla ya Charizard, zimo, kamfikisha hadi Charizard. Lakini kadi za nishati ya moto, za kulipia shambulio lake, sina hata moja, kabandika nne za maji. Nikamwambia haiwezi kushambulia. Kasoma kadi kwa sauti, anasema uwezo wake wa Energy Burn unageuza nishati zote kuwa moto. Yuko sahihi? Mimi nina Blastoise mbele.

#37 KonaNne
Yuko sahihi. Nishati zote zilizobandikwa kwa Charizard zinahesabika moto mpaka mwisho wa zamu, ilimradi haijalala, haijachanganyikiwa wala kupooza. Akishambulia kwa pigo lake la Fire Spin atupe nishati mbili.

Fire Spin ni 100. Blastoise ana uhai 100.

#38 MtunzaBoksi
Kanitoa. Anachukua kadi ya zawadi sasa hivi.